Fimbo ya Kusikilizia

Saa nane usiku Magomeni hukubali kunyamaza.
Baa imezima muziki, jenereta la bucha limechoka,
na hapo ndipo kazi yangu inapoanza:
nasimamisha fimbo ya chuma juu ya lami,
naweka sikio kwenye kichwa chake cha mbao,
nasikiliza mji unavyovuja.

Bomba zima halina neno.
Bomba lililotoboka hunong'ona shii, shii,
kama mlezi aliyechoka na mtoto halali.
Hivyo ndivyo nilivyomfundisha Atupele, mgeni wa zamu yangu,
mwenye diploma na simu yenye ramani.
Ramani yake haiijui valvu iliyo chini ya kibanda cha chipsi.
Aliyeijua ni Kibwana Pazi,
naye tulimzika na mabomba yote kichwani.

Hili hapa chini lililazwa kabla sijazaliwa.
Mimi nastaafu Juni. Lenyewe halistaafu.

Tuliomba vibano arobaini. Vikaja sita.
Mhasibu akasema fungu halijatoka,
injinia akasema mkopo ni wa bomba jipya, si wa bomba bovu,
na bomba jipya likaja, la buluu, refu,
na hema, na viti vilivyovishwa vitambaa, na utepe.
Nami nilipiga makofi, nisidanganye.
Ila sijaona mtu akikata utepe kwenye kiraka.
Jipya likaungwa kwenye hili kuukuu;
presha ilipopanda, kuukuu likapasuka mahali saba
kwa furaha.

Darasani walituimbisha: usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Nimeziba ufa miaka thelathini na mmoja,
kwa kibano, kwa risasi, kwa mpira wa ndani wa baiskeli.
Sasa viraka ndio ukuta wenyewe;
nikibandua kimoja, sijui kitabaki nini.

Bi. Somoe wa Kigogo alirudisha ankara dirishani,
nyuma yake kaandika kwa kalamu nyekundu:

    Ankara nimeikuta, kwa wino mmeichapa,
    Bomba nikilikamata, lakoroma kama chupa,
    Mita upepo yapeta, namba juu yazitupa,
    Tone moja sijapata, upepo ndio nalipa?

Ofisi nzima ilicheka. Mimi sikuweza.
Nilijua ana haki: hewa hutangulia, na mita haichagui.
Nilijua pia kwamba asipolipa, umeme wa pampu kule Ruvu haulipwi,
usipolipwa, maji hayapandi Kimara,
yasipopanda, Bi. Somoe halipi.
Nimelizunguka duara hilo na tochi,
sijaona pa kushikisha spana.

Na mimi ni nani wa kumjibu?
Kwangu Mbagala bomba letu halijafika.
Nanunua dumu kwa jirani mwenye kisima, maji ya chumvi,
sukari na chumvi zinagombana kwenye chai;
nikishakunywa navaa sare ya idara,
natoka kwenda kutafuta maji yanayopotea.

Usiku huu Atupele kainama muda mrefu.
"Hapa," akasema. "Hapana. Hapa."
Nikaweka sikio. Kweli, lilikuwa likinong'ona,
ndoo baada ya ndoo, chini ya duka la mapambo ya harusi,
maji yakienda mchangani bila ankara.
Akachora duara la chaki, akaandika namba:
mia moja kumi na tatu.
Akauliza, watakuja lini kuchimba?
Nikamwambia, fungu likitoka.

Kisha ngurumo, upande wa Pugu.
Tukatazama chaki, tukatazama mawingu.
Tone la kwanza likaanguka, kubwa, katikati ya namba.
Atupele akavua kofia yake ngumu
akalifunika duara.