Kikombe cha Kumi na Nne

Daftarini tulikuwa kumi na wanne,
mwandiko wa Bi Salhina, kalamu ya buluu:
elfu sita kila mtu, chai na nauli humo humo.
Garini tulipanda kumi na watatu.
Mgeni Faki alilipa mapema kuliko sote,
akasema, "Msije mkaniacha,"
kisha yeye akatuacha.

Kipupwe mwaka huo kilikuwa na meno.
Wete ilizama ukunguni hata minara hatukuiona.
Bi Mkasi kavaa koti la marehemu mumewe,
akikupungia huoni mkono, waona mkono wa koti.
Hidaya kavaa soksi na kandambili.
Wauguzi wastaafu, tukacheka
mpaka dereva akazima redio atusikilize.

Ngezi, kijana Shaame alitupa kanuni tatu za msitu,
mbili tukazivunja hajamaliza kusema.
Kule mvua haikunyesha, lakini kulivuja:
tone linatoka mpapindi huu hadi ule,
linaitafuta shingo yako.
Popo wametundikwa juu
kama miavuli iliyosahauliwa na waliokwenda maulidini.
"Wamelala?" Riziki akauliza.
"Wanatuangalia," kijana akasema.
"Kwao, sisi ndio tuliopinduka."

Tulipotoka akatuhesabu kwa kidole.
"Kumi na wanne. Mmetimia."
Labda alijihesabu mwenyewe.
Hakuna aliyemsahihisha.

Kisha kilima.
Tulikipanda tukitaja viungo kama tuko darasani,
goti, nyonga, kiuno, goti la pili,
hadi kwenye gofu la msikiti:
kuta tatu, mihirabu,
na anga lililoezekwa mawingu mazito ya kusi.
Ukutani vishimo vya duara
zilimokaa bakuli za Uchina.
Zimeng'olewa zamani, na waliozing'oa wamekufa,
ila ukuta haujasahau ukubwa wa kila moja.

Tukawasomea Fatiha waliojenga.
Sauti ya Bi Salhina ikakwama njiani,
tukaimalizia sisi.

Chai sasa. Tangawizi ya kukohoza,
mkate wa kumimina vipande kumi na vinne
kwa kuwa daftari lilisema kumi na vinne.
Ubishi ukazuka. Apewe dereva.
Apewe yule mtoto mwenye mbuzi.
"Pesa yake," Bi Salhina akasema, "na chai yake."
Akakitia kikombe katika kishimo kimoja.
Kikaingia sawasawa, kama kilipimiwa.
Mvuke ukapanda na ukuta,
na hata Riziki akanyamaza.

Mkate alikula dereva.

Tulipoanza kushuka nilisema nimesahau mtandio.
Nikarudi peke yangu.
Chai imepoa, sisimizi anazunguka ukingoni
kama daktari asiyejua aanzie wapi.

Miaka ishirini na moja ya zamu za usiku
Mgeni alinibakishia nusu kikombe
dirishani mwa wodi ya wazazi, kafunika kwa kisahani.
Kila mara niliikuta baridi.
Kila mara niliinywa.

Nikainywa.

Nikakisuuza kikombe kwa umande wa majani,
nikakitia mkobani,
nikawashukia wenzangu na mtandio
niliokuwa nimejitanda tangu alfajiri.