Kilomita Mia Nane

Kwanza nilimwonyesha namba.
Zimechorwa ubavuni kwa sindano, mwandiko wa daktari:
ileile kwenye pete, ileile kwenye pinioni.
Zimesagwa pamoja kiwandani, nikamwambia,
ukiitoa moja ukaiozesha kwingine
italia maisha yake yote.
Lusajo akaitikia kwa kichwa.
Wiki ya saba hiyo tangu atoke Tukuyu,
na bado jina langu kwake lilikuwa "samahani".
Samahani, chumvi. Samahani, mlango.

Gereji yetu iko nyuma ya nyumba, Hamilton, karibu na Barton,
upande ambao moshi wa chuma hupita kabla ya kwenda ziwani.
Machi. Theluji imebaki vipande vyeusi kando ya uzio.
Mustang ya tisini na nane iko juu ya stendi, tumbo wazi,
mafuta ya zamani yakichuruzika, yananuka yai viza.
Gia iliyokuja nayo ilikuwa ya kistaarabu,
tatu nukta mbili saba, ya kwendea kanisani.
Mimi nilitaka nne nukta moja.
Nilitaka taa ikigeuka kijani
gari lisinifikirie kwanza.

Siku mbili tulipima.
Shimu nyembamba kama ganda la kitunguu: weka, toa, weka.
Rangi ya njano kwenye meno, zungusha, soma:
alama ikipanda nchani, pinioni iingie;
ikizama shinani, irudi.
Na ule mchezo kati ya jino na jino,
elfu nane za inchi, nywele mbili na kivuli chake.
Zikibanana zitachomana, zikiachana zitapigana.
Yeye ndiye aliyesoma saa ya kipimo, macho yake makali.
"Nane," alisema.
Siku nzima, hilo tu.
Baba yake alituletea maharage akaondoka.
Ambakisye ana busara hiyo.

Kisha ile sehemu isiyopendwa na mtu.
Gia mpya haikimbizwi.
Dakika ishirini, mwendo wa mbeba mayai,
halafu nyumbani, zima, ngoja ipoe kabisa.
Kwetu Pangani bibi harusi alikuwa na fungate, siku saba.
Hii ina kilomita mia nane.

Safari ya kwanza, hadi Stoney Creek na kurudi.
Akapenyeza mkono chini, akagusa difu, akaruka.
"Inaunguza!"
Ndiyo maana tunakaa.
Tukakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, tukitazama pumzi zetu.
Nilitaka kumuuliza habari za mama yake.
Swali lilikuwa tayari, liko ulimini.
Nikaliacha lipoe.

Siku nyingine tukapanda Mlima. Wenyeji huuita hivyo, Mlima,
na mtu wa Tukuyu alicheka mpaka akashika dashibodi.
"Hiki? Hiki ni kigoda cha Rungwe!"

Kwenye taa za Upper James, kijana mwenye Camaro ya njano
akatuungurumia mara mbili, tatu.
Mguu wangu ulikuwa na majibu yote.
Lusajo akasoma odometa kwa sauti, polepole, kama karani:
"Mia tatu na kumi na mbili."
Camaro ikaenda na ushindi wake. Iache.

Mwisho wa Aprili, mia nane na sita, tukamwaga mafuta.
Kwenye sumaku uji wa kijivu,
na ndani ya beseni vumbi la chuma, linameremeta.
"Imeharibika?"
Hapana. Hicho ndicho kilichokuwa kimezidi,
huku kidogo, huku kidogo.
Akalisugua kati ya vidole,
akajipaka puani bila kujua. Sikumwambia.

Jumapili alfajiri, barabara ya Brantford, tupu.
Nikakanyaga.
Hilo silisimulii, liko mgongoni mwa aliyekaa.
Nilikuwa nasikiliza kitu kingine, ule mlio mwembamba
wa meno yasiyoelewana,
na kilometa baada ya kilometa
haukuja.

Tuliporudi akalala kwenye saruji bila kuambiwa,
akaweka kiganja kizima kwenye difu,
akakiacha.
"Vuguvugu," akasema. "Njoo uguse."