Kalamu Yenye Kamba

Kauntabuku niliinunua mwenyewe, kwaya mbili,
kwa pesa ya vitumbua vya Jumatano.
Nikapiga mistari kwa rula ya mwanangu:
jina, namba ya nyumba, sahihi au dole gumba.
Juu kabisa, kwa herufi kubwa:
SISI WAKAZI HATUNA IMANI TENA NA MWENYEKITI WA MTAA.
Mkono haukutetemeka. Ulitetemeka baadaye.

Barabara ya kumi na nne walisaini wamesimama.
Chamosi fundi baiskeli alibandika dole lenye grisi,
hakuhitaji wino.
Barabara ya kumi na tano walitaka kwanza kujua
nani mwingine kasaini,
na huyo mwingine alikuwa akiwauliza wao.
Bi Mwanamkasi alisaini asubuhi,
saa tatu usiku akabisha hodi, kanga kichwani:
"Nifute, mwanangu. Mjukuu anataka barua ya kitambulisho."
Nikamfuta. Kesho yake: "Niandike."
Ndiyo maana mstari wa arobaini na moja
ni mweusi kama tako la sufuria.

Kosa lake? Mtaro.
Elfu tatu tatu kila nyumba, mwaka juzi, kabla ya masika.
Zikaja tripu mbili za mawe kutoka Maweni,
lori likamwaga, picha ikapigwa,
na mtaro ukabaki mdomoni mwa Singano.
Maji yakaingia hadi chini ya kitanda changu,
chura akalilia ndani ya ndoo ya unga.
Na yale mawe, tuseme kweli,
yalipungua moja moja, usiku.
Mengine leo ni mafiga,
mengine yamekalia mabati yasipeperuke.
Langu linazuia mlango wa uani.
Hilo daftarini sikuliandika.

Mtendaji wa kata akahesabu kwa kidole chenye mate.
"Mia mbili. Zinatosha, hazizidi.
Lakini nitajuaje kama hawa ni wakazi kweli?
Kila ukurasa ugongwe muhuri wa mtaa."
"Muhuri anao nani?"
Akatazama dirishani.
"Mwenye nao unamjua."

Nilimkuta barazani, kwenye ile meza yake ya ofisi,
miwani imefungwa uzi upande mmoja.
Nikamwekea daftari mbele kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.
Akasoma majina yote. Yote.
"Chamosi," akasema. "Mimi ndiye niliyemdhamini polisi."
Ukurasa wa tatu akafika kwa Mishi, mkewe.
Ndani, mwiko uliokuwa ukigonga sufuria ukanyamaza.
Akafunua ukurasa.
"Huyu Kihiyo kahamia Pongwe tangu Rajabu.
Mtoe, wasije wakakukatalia."
Akamkata mwenyewe, mstari mmoja ulionyooka.
Sijui hadi leo kama ule ulikuwa uaminifu
au hesabu.

Akatoa muhuri kwenye kopo la mafuta ya kupikia,
akaupulizia pumzi, akagonga.
Akagonga. Akagonga.
Kisha akarudi nyuma, kidole kikishuka na majina:
"Lako silioni."
"Mimi mkusanyaji tu."
"Na mkusanyaji anakaa mtaa gani?"

Ningemjibu nini?
Kwamba siku ya mazishi, wanaume wakitazamana,
ni yeye aliyevua viatu akashuka mwanandani
akampokea mume wangu kwa mikono yake miwili,
akapanda na udongo hadi masikioni?
Kwamba hilo nalo halina safu yake
kati ya namba ya nyumba na dole gumba?
Mia moja tisini na tisa.
Mwiko ukaanza tena, taratibu.

Nikapapasa mfukoni, kalamu yangu sikuiona.
Akanisogezea ya kwake,
ile ya mtaa, iliyofungwa kwa kamba ya katani
kwenye mguu wa meza, isiibiwe.
Kamba yenyewe fupi.
Ilibidi niiname.