Chumvi na Mbu

Umeniuliza kwa sauti ya chini, Sun-deok,
kama mtu anayekumbushia deni:
nilijifunzaje Kivietinamu
na miaka yangu hii sitini na minane,
magoti yakilia kama bawaba za ghala?

Keti. Nimenyee peasi hilo. Si hivyo, unalinyofoa nyama.
Nitakwambia, ila usiniite mwalimu.

Nilianza vibaya. Nilinunua daftari la jalada gumu,
nikaandika maneno mia mbili kwa wino mwekundu:
balozi, makumbusho, uwanja wa ndege.
Yakakaa humo kama mbegu zilizochemshwa.
Hapa Naju, kati ya miti hii,
nimuulize nani balozi amelala wapi?

Daftari likawashia jiko.
Nikarudi kwa vitu vinavyonijua:
ndoo, ngazi, kamba, mkasi wa kupogolea.
Kila kimoja nikakibandika karatasi ya jina lake,
hata mbwa, aliyelitafuna lake kabla ya adhuhuri.
Mzee wangu alipokuta neno "mlango" mlangoni
aliniuliza polepole kama nimeanza kusahau.
Nikamjibu: ndiyo, simama hapo, wewe bado sijakubandika.

Mwezi wa sita, tulipoyavika mapeasi mifuko ya karatasi,
moja moja, maelfu, shingo zikituuma,
kila mfuko niliupa neno.
Maji. Funga. Maji. Funga. Maji.
Kufika jioni neno lilikuwa limehama mdomoni,
liko kwenye kiwiko, na kiwiko hakisahau.

Sasa sauti. Hapo ndipo utakapolia.
Kwao neno hupanda, hushuka, hujikwaa,
na likijikwaa linaamka neno jingine.
Mwaka wa pili wa Oanh nyumbani kwetu,
mkwe ambaye hakuwahi kunionyesha meno,
nilimwomba mezani, kwa heshima zote,
anisogezee mbu nitie kwenye supu.

Kijiko kilimwanguka.
Alicheka mpaka mjukuu akaamka,
akanishika kidevu, mimi, mama mkwe wake,
akakiinua: muối. Chumvi.
Akakitikisa katikati ya safari: muỗi. Mbu.
Kwa hiyo kosea, Sun-deok. Kosea mezani,
usikosee chumbani peke yako.

Wala usiseme lugha yao haina mpango.
Sisi tuna bae moja: peasi, mashua, tumbo.
Alipokuja, alidhani baba mkwe analalamika
kwamba mashua inamkata toka asubuhi.
Tulimcheka, na si kwa upole.

Tena usikimbilie kusema.
Usiku mmoja wa Januari nilimsikia kwa simu
akiongea na mamake kule Can Tho.
Katika maneno kumi nilidaka moja, lạnh,
likapita mara tatu.
Baridi.
Sikugonga mlango. Nilikwenda nikaongeza moto wa sakafu,
kisha nikakaa jikoni gizani, moyo ukinidunda
kama mwizi aliyefungua kufuli bila ufunguo.

Kulipokucha nikamuuliza: Ăn cơm chưa?
Umeshakula wali?
Ndiyo salamu yao. Ndiyo yetu pia.
Miaka miwili tulikuwa tunaulizana swali hilohilo,
kila mtu kwa lugha yake,
na chakula kinapoa.

Wako anatoka Kambodia?
Ah. Basi huko mimi ni bubu kama wewe.
Likate hilo peasi vipande vinne. Mpelekee kimoja,
kiinue machoni pake, ufunge mdomo,
ungoje yeye akitaje.