Ng'ambo ya Jeraha

Kremnica, Jumamosi, theluji imefika vizingitini.
Nimekaa meza ya mwisho, karibu na choo,
wanapowekwa wastaafu wenye ujuzi usiolipiwa.
Nina mizani ndogo, lenzi ya mara kumi
na chupa ya chai ambayo imeshapoa.

Anakuja Vojtech Hudcovský, fundi wa lifti,
anamwaga sarafu tano juu ya kitambaa
kama mtu anayemwaga meno yake.
"Zote zina kasoro," anasema. "Zote zina thamani."
Namwambia: kasoro, ndiyo.
Thamani, tutaona.

Ya kwanza ina herufi juu ya herufi.
Naigeuzageuza mwangani. Maandishi ya pili
yamedidimia, tena yanasomeka kinyumenyume,
kama jina kwenye karatasi ya kukaushia wino.
Hizi zilikuwa sarafu mbili, Bwana Hudcovský,
zikabanwa kifua kwa kifua ndani ya jiliwa,
mtu akazungusha mkono hadi zikalia.
Kiwandani muhuri hupiga, ukaenda zake.

Ya pili imenenepa ukingo, imekonda uso:
imezunguka miezi ndani ya mashine ya kukausha nguo.
Ya tatu nyembamba kama kaki ya kanisani,
imelegea kote sawasawa, mfano wa sabuni.
Tindikali. Mizani haina huruma.

Ya nne imeng'atwa. Hapa ndipo macho yake yanapowaka.
Aliinunua kwa mshahara wa wiki mbili.
Mwezi mchanga umekatwa pembeni, safi,
unang'aa. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Sitazami jeraha. Jeraha huweza kufundishwa uongo.
Natazama ng'ambo yake, upande wa pili kabisa,
kwa sababu chuma kikikosa mwili huku
wakati wa kupandishwa ukingo,
kule nako hukosa cha kusukumana nacho,
na ukingo hufifia pale, kama sauti ya anayesinzia.
Kosa la kweli lina shahidi aliyesimama mbali.
Hapa ukingo umesimama wima, mzima, haujui lolote.
Ni tupa. Ona mikwaruzo: yote inaelekea upande mmoja.

Hasemi kitu. Anavua kofia, anaivaa tena.

Ya tano karibu airudishe mfukoni.
"Hii ilikuwa kwenye droo ya mama. Imekaa vibaya tu."
Heleri hamsini. Picha imeteleza nje ya duara,
imeacha ufuko mtupu upande wa kushoto;
herufi za pembeni zimenyooka miguu
zikifuata chuma kilikokuwa kinakimbilia.
Uzito kamili, kamili mpaka nukta ya pili.
Na chini ya tarakimu za mwaka, mstari
uliovimba, mwembamba kama unywele:
muhuri ulikuwa na ufa.

Naujua ufa ule.
Januari ile nilikuwa zamu ya usiku, mashine namba saba,
Peťko wangu ana homa nyumbani kwa jirani,
nami nasikiliza simu ya ofisini badala ya chuma.
Mlio ulibadilika. Yalipita mapigo manne,
labda matano, kabla sijavuta breki.
Niliokota tatu sakafuni. Nikaandika daftarini: tatu.
Bi Oravcová akahesabu, akatia sahihi,
na muhuri ule tuliuvunja asubuhi yake.

Miaka thelathini na minane nimekuwa nikisema tatu.

"Nayo feki?" anauliza Vojtech, keshanyoosha mkono.
Natia lenzi tena, si kwa kuwa sijaona.
"Hapana," nasema. "Hii ilizaliwa hivi."
Namtajia bei, bei ya haki.
Anakaa kwenye kiti bila kukaribishwa.
Kisha anauliza, kama wanavyouliza wote,
nimejuaje.

Nikamwonyesha uzito. Nikamwonyesha herufi zilizonyooka.
Ule ufa
nikauacha chini ya kidole gumba.