Kabla ya Kutoboa

Keekee iko juu ya ndoo, imechomekwa umeme tangu asubuhi,
na bado sijatoboa.
Pikapu ilikuwa ya kaka yangu Reino. Aliniuzia kwa bei ya jirani,
si ya ndugu. Kibanda cha faibaglasi kilichofunika bodi
ni cheupe kama ganda la yai, na kama ganda la yai
kina siku yake.

Dukani, kijana anayeitwa Tobin
alinitandazia picha mezani.
Hii ya alumini, mama, haijui kutu.
Hii ya chuma, inabeba hema na watu wawili waliolala ndani.
Hii nyeusi, tambarare kama jukwaa,
vijana wote wa Duluth wanaitaka.
Akanitajia kilo: gari likisimama, gari likitembea,
gari likiruka mashimo,
na kila kilo aliitaja kwa wepesi,
maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Aliuliza mwaka wa gari. Aliuliza urefu wa bodi.
Aliuliza kama paa la kibanda lina mbao ndani
za kushika bolti, au ni ngozi tupu.
Hakuuliza nani atakayepandisha.

Mtumbwi ni wa mwerezi. Kilo thelathini na moja;
niliupima mwenyewe kwenye mizani ya mbolea.
Tuliuunda gerejini, mimi na Reino, baridi mbili mfululizo,
ubao mwembamba kwa ubao mwembamba, gundi vidoleni,
redio ikisema theluji, kisha theluji.
Siku zile yeye alishika mbele, mimi nyuma,
tukahesabu kwa Kifini cha bibi,
na kwenye tatu ulikuwa juu.

Sasa goti la Reino lina skrubu nne.
Ananielekeza kwa simu: simamisha nguzo bodini,
zipite kando ya kibanda, mzigo usiguse ganda,
uteremke moja kwa moja kwenye mifupa ya gari.
Ni kweli. Fundi ni fundi hata akiwa kitini.
Lakini nguzo zake zinainua keria shubiri nzima,
na mimi nina miaka sitini na mitatu
na bega la kulia linalolia kama bawaba.

Basi jana nilipima kitu ambacho Tobin hana picha yake.
Nilisimama nyuma ya pikapu, matope mpaka kwenye vifundo,
nikainua ncha ya mtumbwi hadi pumzi ilipokataa.
Britta, mtoto wa jirani, akachora mstari wa chaki.
Vidole viwili chini ya ukingo wa paa.
Viwili!
Mtoto akacheka. Mimi nikaenda bandani
nikarudi na kigoda alichokalia mama akikamua ng'ombe.
Tukachora tena.

Kwa hiyo nimenunua ile mbaya, iliyokwishatumika,
kwa mzee mmoja anayehama kwenda kwa bintiye.
Reli mbili fupi, zimelala chini kama paka mvivu,
rangi imebanduka, na nyuma kuna gogo la mpira linalozunguka,
nene kama mti wa kusukumia chapati.
Ncha moja juu ya gogo, halafu sukuma.
Nusu ya uzito naiachia ardhi, nusu naiachia gogo,
na mimi katikati nalipa kidogo kidogo.

Inataka matundu manane kwenye ganda.
Nimegonga paa kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua tikiti,
nikapata mahali panapojibu kwa sauti nzito.
Vibati vya kuwekea ndani nimekata. Silikoni ninayo.
Reino nitamwambia Jumapili.

Keekee inalia. Vumbi jeupe linanijaa kwenye mikono ya sweta.
Naingia kibandani kwa magoti kuangalia:
juu ya turubai, juu ya jembe la theluji la mwaka jana,
duara la mwanga, dogo kama kidonge.

Bado saba.