Viraka vya Tuukka

Ovaroli lako halijafuliwa tangu mwaka wa kwanza.
Ndiyo desturi, uliniambia: doa ni cheti,
anayefua huonekana mgeni.
Nimelitandaza juu ya meza ya jikoni, Oulu,
saa tisa alasiri na giza limeshatua,
mkononi mkasi mdogo wa kucha.

Hiki cha manjano: wiki ya kuwapokea wapya.
Walikufunga kitambaa machoni, wakakuongoza
baa hadi baa, kumi na mbili kwa jumla,
na kila mlango ukagonga muhuri kwenye kadi.
Kadi ikijaa, unapewa kiraka.
Nani angerudi chumbani na kadi yenye pengo?

Hiki chenye samaki ni cha meli ya Stockholm.
Bia bei ya maji, ulisema,
kana kwamba bei ndiyo iliyokunywa.

Cha bluu ulikishona kwa uzi wa kusafishia meno.
Ni cha usiku ule ulipoongea na Venla.
Wewe, uliyekuwa ukiagiza mkate kwa kidole,
ulizungumza dakika arobaini!
Nilifurahi. Naapa nilifurahi.
Sikuuliza ulimi ule umeukodi kwa nani,
wala kwa riba gani.

Hakuna kiraka cha hesabu uliyofeli mara tatu.
Hakuna cha Novemba, cha chumba kile chembamba
na jirani usiyemjua jina, anayekohoa nyuma ya ukuta.
Wala cha baba, Jumamosi,
akitoka sauna na chupa ya tatu, mpole,
hampigi mtu, hasemi na mtu.
Sisi tukadhani ule ndio utulivu.

Kila mtu anakunywa hivi, ulinijibu.
Jana, kwenye korido ya hospitali, nilimkuta Jalmari,
mwenzako wa maabara. Alininong'oneza
kwamba mwaka mzima amebeba kopo lilelile,
akilijaza maji ya bomba chooni,
kwa kuwa naye alidhani
kila mtu anakunywa hivi.

Muuguzi anasema kesho utaweza kuketi.
Nimefumua kimoja tu, cha manjano.
Chini yake kitambaa bado ni chekundu,
chekundu kama siku ulipolivaa mara ya kwanza
ukasimama mlangoni: Sanelma, limenikaa?
Vingine nimeviacha.
Mkasi nimeutia kwenye mfuko wake wa kifuani.
Utavifumua mwenyewe,
au hutavifumua.